Mchele wa Rangi Nyingi

Juzi sokoni Kasongo nilimwona mama mmoja akichambua punje nyekundu kutoka mchele mweupe, na uso ukaniwaka.

Mama yangu, mjane, alirudi kutoka kanisani kila Jumapili na mchele uliochanganyika, mwingine ukinukia, mwingine ukinuka gunia. Alasiri moja nikamtambia rafiki yangu Faida: "Kwetu tunakula muchele ya rangi mingi!"

Faida akasema taratibu, "Ile nyekundu ni ya kwetu. Mama anatoaka kiganja mbele ya kupika, anapeleka kanisani kwa wajane."

Nilikimbia nyumbani nikilia. Maji yalikuwa yanachemka. Kabla ya kumimina mchele sufuriani, Mama alichota kiganja kimoja, akakiweka pembeni.

"Ile ni ya nani?" nikafoka.

"Ya wajane," akanijibu.