Niliuweka msiba wa mjomba kwenye podcast, nikakata nisichopaswa kukata

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu, leo naandika. Ninayoyaeleza yamenikuta mwenyewe. Nilichogeuza ni majina ya watu, basi.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Kiranjeranje, Kilwa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa redio, kituo kidogo cha Lindi mjini. Nilisoma salamu za wasikilizaji, matangazo ya vifo na mikutano ya ushirika.

Mtangazaji aliyenifundisha kazi alikuwa mkali kwa jambo moja tu: kimya. Alisema ukinyamaza sekunde tatu, msikilizaji wa kule Rondo ameshahamisha kituo. Nilifanya kazi miaka sita na hofu hiyo.

Katikati ya redio nikaanza kuandika nyimbo. Siimbi, sauti yangu ni ya kutangazia. Dada mmoja mwimbaji wa pale mjini alikuja studio na biti isiyo na maneno, nikamwandikia nyuma ya karatasi ya matangazo. Wimbo ukapigwa kwenye harusi hadi Kiswere, wakaja wengine. Huko nako nikajifunza kukata. Ubeti ukirefuka, watu wanarudi kukaa.

Kituo kilipopunguza watu, nikanunua kipaza sauti nikaanzisha podcast ya habari za kwetu. Wasikilizaji walikuwa wachache, wengi wao watu wa kusini wanaoishi mbali.

Kisha mjomba wangu akafariki.

Alifariki asubuhi, akazikwa alasiri ileile. Binti yake, Mwanahawa, ni nesi Mwanza. Hakuwahi.

Kwa msiojua utani wa misibani: ukoo wetu una watani wake, na kwenye msiba wao ndio wenye ruhusa ya kumtania marehemu. Mjomba alikuwa mkulima wa korosho aliyejulikana kwa kazi, kwa hiyo wakamwita mvivu. Ndivyo inavyokwenda.

Mtani mkuu siku ile alikuwa Bi Somoe, mama wa rika la bibi yangu. Alivaa koti la marehemu, akajilaza kwenye kitanda chake cha kamba katikati ya wafiwa.

"Niacheni nilale! Korosho zitajiokota zenyewe!"

Mjane alicheka mpaka akashikiliwa.

Nilirekodi. Niliomba ruhusa kwa wenye msiba na kwa Bi Somoe mwenyewe, wakakubali. Nyumbani nikaihariri, ikatoka dakika kumi na mbili safi. Kipindi hicho kilisambaa kuliko vyote nilivyowahi kutoa. Watu wasiotujua wakawa wanaandika kwenye maoni, "Pumzika Mzee Mvivu," na vikatuni vya kucheka.

Wiki hiyohiyo kampuni moja ya filamu ya Dar ikaniandikia. Wanataka nikigeuze kipindi kile kiwe script ya filamu fupi. Wakuu, nilikuwa nimeandika script tatu bila mtu kuzisoma. Hii ilikuwa ya kwanza kuombwa.

Kabla sijawajibu, Mwanahawa akapiga simu.

"Dada, nimesikiliza."

"Umeionaje?"

"Watu wangapi walikuwa wanacheka?"

"Mwanahawa, ule ni utani. Si unamjua Bi Somoe?"

"Namjua, na utani naujua, usinifundishe. Nimesikia dakika kumi na mbili baba anaitwa mvivu. Hakuna aliyelia?"

"Walilia."

"Wako wapi?"

Walikuwa kwenye kompyuta yangu, kwenye faili la vipande nilivyotupa.

"Arobaini fanyeni wenyewe," akasema, akakata simu.

Nikalifungua lile faili. Bi Somoe akilia huku akisugua sufuria. Mjane akimwita, yeye akiitika kwa sauti ndogo. Kimya kirefu, maji yanamwagwa, kimya tena. Mtani akishatania ndiye anayechota maji, anayepika, anayeosha vyombo, anayelala mkekani na mjane. Bi Somoe alikaa siku tatu. Mimi nilibakiza matusi, kazi nikaikata kwa sababu haikuwa na maneno.

Nilikiondoa kipindi. Nikawaandikia wa Dar kwamba bila kauli ya Mwanahawa siandiki, wakanipa mwezi mmoja. Nikamtumia Mwanahawa samahani nne. Zilisomwa zote, hakujibu.

Nikapanda gari kwenda Kiranjeranje. Bi Somoe nilimkuta uani anamenya mihogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Redio imetembea yenyewe leo?"

Nikamweleza yote. Aliendelea kumenya.

"Umemwomba samahani?"

"Mara nne."

"Ndo maana kanyamaza. Samahani ataijibu nini? Nipigie namba yake, weka sauti nje."

Mwanahawa akapokea. Bi Somoe hakusalimia.

"We mtoto wa mvivu! Siku tatu nasugua masufuria ya kwenu, mgongo mpaka leo haunyooki, wewe umekaa Mwanza unakula sato! Unakuja lini kunisugulia?"

Simu ikanyamaza. Nilitamani kusema kitu, Bi Somoe akaninyooshea kisu nisithubutu.

"Bi Somoe," Mwanahawa akasema mwishowe, "mgongo wako ulipinda kabla baba hajazaliwa."

"Haa! Mdomo uleule wa marehemu!"

Mwanahawa akacheka, kicheko kikageuka kilio, na Bi Somoe akaanza kulia naye, mhogo mkononi. Niliwaachia simu nikaenda kukaa barazani. Sikurekodi.

Siku ya arobaini Mwanahawa alikuja. Bi Somoe alimpokea mlangoni na lundo la vyombo vichafu, naye Mwanahawa akajifunga kanga kiunoni na kuviosha vyote mbele ya watu, huku akitaniwa na yeye akirudisha. Mimi hakunisemesha mpaka siku ya kuondoka.

"Hiyo filamu andika. Ila uweke vile vipande ulivyovikata. Na nisome mimi kabla ya hao wa Dar."

Nikaandika. Ukurasa wa masufuria niliuandika mara nyingi kuliko kurasa nyingine zote, kisha nikamtumia. Jibu lake lilikuja na sahihisho moja tu:

"Umeandika Bi Somoe anafuta machozi kwa kanga. Hakufuta. Nimempigia nikamuuliza, anasema mikono ilikuwa na masizi, akayaacha yatiririke."

Mimi nilikuwepo pale, na rekodi ninayo. Sikuliona hilo. Nikarekebisha mstari, script ikaenda Dar.

Nilichojifunza: kwenye redio, nyimbo na podcast nimesifiwa kwa kukata. Siku hizi kabla sijakata kipande cha msiba wa watu, najiuliza ni nani hakuwepo na atakihitaji.

Wenzangu mliokosa kumzika mzazi kwa sababu ya kazi za mbali, nani aliwasimulia ilivyokuwa, na aliwaambia nini? Nawasoma wote.