Salamu za Evarista kutoka Usangu

Tekla wa Ilula alikuwa mtu wa kushuku. Ukimwambia jua limetoka, anachungulia nje kuhakikisha. Tuliouza naye nyanya kando ya barabara tulimcheka, na mimi nilikuwa nimemchoka kabisa, maana hata debe langu aliligeuza kuona kama sijaweka majani chini.

Mwaka sabini na tano binti yake, Evarista, alikuwa na mimba ya kwanza huko Usangu, alikoolewa na mfugaji aitwaye Malimi. Simu hazikuwepo. Tekla alimpa salamu Bartholomeo, dereva wa lori la Mbeya. Bartholomeo akampa Jailos, mwenye mgahawa wa chai pale Igawa. Jailos akampa mtu yeyote wa kwa Malimi aliyekuja kununua chumvi. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo, na kila mara lilikuwa moja: nzuri.

"Nzuri gani hiyo isiyobadilika?" Tekla alimuuliza dereva. "We unafika Igawa kweli, au unaishia Iringa kwa wanawake zako?"

"Mama Evarista, usinivunjie heshima! Nimeambiwa nzuri, nakuletea nzuri."

Tuliona amezidi. Lakini roho yake haikutulia. Siku moja alishika mlango wa lori akambana dereva: baada ya nzuri, Jailos alisema nini?

Bartholomeo akakuna kichwa. "Huwa sisimami, mama. Naulizia dirishani nikipita."

Hapo hata mimi nilishtuka. Nani kwetu asiyejua kusalimia? Hata kuwe na msiba ndani, utajibu nzuri kwanza, ndipo useme "ila". Tekla aliniachia nyanya zake bila kuzihesabu, akapanda lori lilelile.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Jailos alishangaa kumwona. "Ndiyo unakuja leo, mama? Kila mara nilimwambia dereva: nzuri, ila binti anaumwa, anamtaka mama yake. Nilipiga kelele mpaka lori likapotea."

"Ulijuaje kama amesikia?"

"Alipunga mkono. Asingesikia, si angerudi kuuliza?"

Tekla alimtukana, akamtukana na Bartholomeo, kisha akafuatana na ndugu mmoja wa Malimi aliyekuja kununua chumvi hadi nyumbani kwao. Mtoto alikuwa ameshazikwa. Evarista alikuwa amelala, amekonda sana, na alipomwona mama yake aligeukia ukutani.

"Nimekuita mpaka nimechoka," alisema. "Kila mara Jailos alituambia neno limeshafika kwako. Nikajua hunitaki."

"Mwanangu, sikuambiwa kitu. Naapa."

Evarista akamuuliza mama yake nani shahidi wake.