Julepu Kumi na Mbili za Mikindani

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa chupa hata moja. Msimamizi wa Baa wa hoteli moja ya Mtwara mjini, mzee mkavu wa maneno aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi likakakamaa, alitaka kwanza kuona mikono yangu. Akaitazama mbele na nyuma, kisha akanipa kitambaa na trei ya glasi.

"Leokadia, glasi hushikwa chini. Pale juu ni pa mdomo wa mgeni, si pa kidole chako."

Wiki nzima nilifuta glasi. Ndipo akanifundisha kipimo, kile kikombe kidogo cha chuma cha kupimia vinywaji vikali, na shira, yaani sukari iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, sawa kwa sawa, maana sukari ya punje haiyeyuki upesi kwenye baridi. Ninyi mnaoanza kazi hii leo mjue kwamba wakati ule mwanamke wa kaunta aliitwa baamedi, na neno lenyewe lilisemwa kwa mdomo uliopinda. Msimamizi hakuwahi kuniita hivyo. Aliniita fundi, hata kabla sijajua lolote.

Baada ya miaka minne nikahamishiwa Mikindani, kwenye hoteli iliyokuwa ndani ya jumba la kale la mawe. Meneja Mkuu wa pale alikuwa mama mfupi, mwepesi wa hatua, asiyependa kurudia neno. Wageni wetu wengi walitoka kwenye kazi za gesi, Mnazi Bay. Mmoja, Mhandisi wa Visima, Mmarekani wa jimbo la Kentaki, aliniuliza kama naijua minti julepu, kinywaji cha kwao. Nikasema siijui. Hakucheka. Alizunguka kaunta akasimama kando yangu.

"Leta nanaa," alisema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Nanaa ilikuwepo, kwa kuwa jikoni waliitia kwenye chai. Aliweka majani manane ndani ya kikombe cha chuma cha kunywea, akaongeza kijiko cha shira, akayaminya polepole kwa mpini wa mwiko.

"Usitwange. Ukitwanga, chungu."

Akatia vipimo viwili vya baboni, ile wiski ya kwao itokanayo na mahindi, akajaza barafu iliyopondwa kama chenga za mchele. Akakoroga mpaka kikombe kikashika jalidi, ule utando mweupe wa baridi kali, kwa nje. Mwisho akachomeka kichala cha nanaa pembeni mwa mrija, ili pua ipate harufu kabla ya mdomo kupata ladha.

Julepu yangu ya kwanza aliisukuma kando: tamu mno. Ya pili ilikuwa chungu. Nilijaribu karibu mwezi mzima. Siku moja akanywa yote, akaomba nyingine. Kwangu hicho kilikuwa cheti.

Mkataba wake ulipokwisha, wenzake waliandaa hafla ya kumuaga, na Meneja Mkuu akawaahidi julepu kumi na mbili saa kumi alasiri. Saa tano asubuhi mashine ya barafu ikafa. Fundi wa mashine aliifungua, akaifunga, akatikisa kichwa. Barafu ya mnada wa samaki ilikuwepo, lakini ilinuka.

"Toa bia," alisema Meneja Mkuu. "Nitawaambia mashine imeharibika."

"Mama, nipe mpaka saa tisa."

"Ukishindwa, aibu ni yangu."

"Na yangu pia, Mama."

Nikabeba ndoo mbili zenye mifuniko, nikaingia mtaani kwenye nyumba za kina mama wanaouza barafu za mifuko. Niliyemfahamu zaidi ni Bi Somoe, mwenye friza kubwa kuliko wote.

"Shikamoo, Bi Somoe. Nahitaji barafu yote uliyo nayo."

"Marahaba. Ya shughuli gani?"

"Ya hotelini."

"Ya juisi, au ya hicho kingine?"

Ningeweza kudanganya. Nilimtazama usoni nikasema, "Ya hicho kingine."

Aliweka mkono juu ya mfuniko wa friza. "Ahsante kwa kunambia kweli," akasema. "Basi mimi sitakuuzia, mwanangu. Lakini nenda nyumba ya tatu, kwa Mama Filomena. Ni Mmakonde mwenzio, wa ng'ambo ya Ruvuma. Mwambie nimekutuma mimi."

Mama Filomena alinipa barafu yote, na kinu na mchi juu yake. Tuliitia kwenye kiroba kilichofuliwa, tukatwanga kwa zamu, yeye akiniuliza habari za ukoo wetu kana kwamba hatukuwa na haraka. Saa tisa kasoro niliingia hotelini kwa bajaji, ndoo mbili zimefunikwa mablanketi.

Vikombe vyote kumi na viwili vilishika jalidi. Mhandisi alikinyanyua chake, akakitazama muda mrefu, akasema polepole, "Mama yangu alitengeneza hivi hivi." Kisha akageukia dirisha. Kesho yake Meneja Mkuu aliandika jina langu kwenye ubao wa wafanyakazi, na mbele yake: Mkuu wa Baa. Nilikishika cheo hicho mpaka nilipostaafu.

Sasa naishi Mpapura, kwa kaka yangu Damiani, mkulima wa korosho. Niligundua kwamba miaka yote aliwaambia watu mimi ni mpishi. Sikumlaumu, dada wa baa si habari ya kusimulia kijijini. Ila mwezi uliopita nilifungua chupa ya baboni niliyopewa siku nilipoagwa kazini, nikachuma nanaa nyuma ya nyumba, nikaponda barafu, nikamtengenezea. Amezoea uraka, pombe ya mabibo, ya kupiga mafunda. Nikamwambia anywe taratibu.

Alikunywa mpaka barafu ikabaki peke yake.

"Hii ndiyo kazi uliyokuwa ukifanya?"

"Ndiyo hii."

Jumapili wakaja wageni wawili kutoka Newala kutazama mikorosho. Kaka alinionyesha kwa kidole, akawaambia, "Huyu ni dada yangu, Leokadia. Alikuwa Mkuu wa Baa, Mikindani."

Nikaenda kuwaletea wageni viti.