Nilichomficha Daktari

Jumanne asubuhi nilikuwa mashineni hapa Tarime mjini, nasubiri debe langu la mahindi lisagwe, simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa muuguzi mmoja wa Mugumu, mwanamke asiye na maneno mengi: "Shikamoo mzee. Daktari wetu ametutoka alfajiri hii. Ni moyo." Nikausoma mara mbili, nikaondoka bila unga. Nyumbani mke wangu akaniuliza unga uko wapi, nikamjibu kwamba Daktari amekufa, akakaa chini pale pale mlangoni. Wasomaji wa safu hii mnamjua mtu huyu hata kama jina lake hamlijui, maana nimemwandika hapa zaidi ya mara moja, na kila mara nilimsifu. Sifa hizo sizifuti. Lakini leo nataka kumwandika kwa haki, na ili nifanye hivyo sina budi kujiandika vibaya mwenyewe.

Hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka kusini, kwenye baridi na viazi, akapangiwa kazi Mara akiwa bado kijana, na kama watumishi wengi wanaoletwa huku, alipewa pole na wenzake kabla hajafunga mizigo. Wakurya utawaweza? Walimuuliza hivyo. Alifikia katika hospitali ndogo ya kijijini kwetu, upande wa Tarime vijijini, yenye wodi mbili na wodi ya wazazi yenye vitanda sita na paa linalovuja. Akajifunza salamu za Kikurya, akizitamka vibaya kwa ujasiri mkubwa. Bibi zetu walikuwa wanamsalimia makusudi ili wamsikie akijibu, kisha wanacheka mpaka wanasahau kilichowaleta hospitali. Alijua wanamcheka. Alisema mgonjwa aliyecheka ni rahisi kumpima.

Kazi iliyompa jina ilianza baadaye. Hospitali yetu ilikuwa na mashine ya eksirei bila mtaalamu wa kuiendesha. Ng'ambo ya mto, upande wa Serengeti, kulikuwa na hospitali yenye mtaalamu bila mashine, na mtaalamu huyo alikuwa anaua muda kwa kufundisha kwaya. Daktari akasema hawa waoane. Akawaoza. Kisha ikaja zahanati ya karibu na Kewanja, kisha kituo cha afya kingine, kisha kingine, hadi tukawa na mtandao mzima chini ya bodi moja, ghala moja la dawa na madaktari wanaozunguka kwa zamu. Kila kituo kilipojiunga, alikwenda mwenyewe na spana kukifungua kibao cha zamani. Alikataa kazi hiyo ifanywe na fundi. Kwanza alikula ugali na wafanyakazi, akawasikiliza manung'uniko yao, ndipo akapanda ngazi, na mfanyakazi mkongwe kuliko wote ndiye aliyemshikia ngazi. Vibao vyote alivihifadhi stoo kwake. Nilipomuuliza vya nini, aliniambia kwamba jina la mtu halitupwi jalalani.

Siku chache kabla bodi haijapitisha hatua ya mwisho, aliniita ofisini kwake Mugumu, ng'ambo ya mto, alikohamia kuuongoza mtandao. Mezani alikuwa ametandaza ramani aliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi. Wodi ndogo za wazazi zingefungwa, chumba cha upasuaji cha kisasa kingejengwa mahali pamoja ng'ambo ya mto, na gari la wagonjwa lingekuwa tayari muda wote. Kutoka kijijini kwetu hadi huko, kwa barabara ya katikati, haifiki saa moja. Akanimiminia chai. "Mwenzangu, wewe ni mzaliwa wa huku," akasema. "Mimi hata nikae miaka hamsini nitabaki mgeni. Hebu angalia hapa. Kuna kitu sijakiona?"

Nilikiona papo hapo. Barabara ya katikati inapita kwenye ardhi ya ukoo ambao sisi tuna ugomvi nao tangu enzi za babu zetu. Mwaka ukiwa mzuri tunaoleana, tunakutana mnadani, tunaitana shemeji. Ng'ombe wakiibwa, barabara ile inakufa. Hakuna mwanamume wa kwetu atakayepita pale, wala hatakubali mkewe apitishwe, hata gari liwe na king'ora cha namna gani. Mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kusoma. Nilikunywa chai, nikaitazama ramani kama mtu anayefikiri sana, nikasema, "Hakuna, Daktari. Imekaa sawa."

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni lile lile, nalo halinipi heshima. Niliona aibu. Mimi ni mtu niliyesoma, naandika gazetini, navaa miwani. Ningewezaje kumwambia mgeni wa watu kwamba bado tunaogopana kwa sababu ya ng'ombe? Nilitaka atuone tumestaarabika. Na sikuishia hapo. Wiki iliyofuata niliandika katika safu hii hii kwamba wanaopinga kufungwa kwa wodi ndogo wanang'ang'ania paa bovu, na kwamba zama za kuogopa kuvuka mpaka wa jirani zimepita. Makala ile ilisifiwa sana. Hata mimi nilijisifu.

Bodi ikapitisha, wodi yetu ikafungwa. Masika yaliyofuata ng'ombe wakaibwa. Asubuhi moja, mkwe wa mama mmoja jirani yetu, binti mwenye mimba ya kwanza, akashikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Gari la wagonjwa lilifika haraka, kama ramani ilivyoahidi. Lilipofika njia panda, dereva, naye ni mtu wa kwetu, akasimama. Akamtazama mume, mume akamtazama yeye. Wakageuza. Walizunguka kupitia Tarime mjini, kwa matope, wakafika baada ya saa nane mchana. Binti alipasuliwa, akapona. Mtoto hakupona.

Daktari alikuja mwenyewe kijijini kutoa pole, akakaa kwenye benchi mbele ya watu waliojaa uani kwa wafiwa. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, maana ndipo nilipozoea kukaa. Mama mkwe akasimama. "Daktari, wewe sikulaumu," akasema. "Wewe ni mgeni. Ulionyeshwa njia, ukaifuata. Lakini huyu." Akanigeukia. "We mura, mwanamume wa kwetu, hii njia ulikuwa huijui? Baba yako si alizikwa na kovu la mshale begani? Huo mshale alipigwa wapi, Mugumu au kwenye njia hiyo hiyo?" Kisha akaendelea kwa Kikurya, na hayo siyaandiki. Daktari hakunitazama. Tulipotoka, karibu na gari lake, ndipo aliponiuliza: "Ulijua?" Nikamwambia nilijua. Akazungusha funguo mkononi kwa muda. "Ungeniambia tu," akasema. "Ningeiacha ile wodi palepale. Lilikuwa jambo dogo sana." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

Sisemi kuunganisha hospitali ni kubaya. Leo mtu wa Nyarero anapigwa picha ya kifua bila kusafiri siku nzima, na dawa hazikosekani kama zamani. Lakini nimejifunza kwamba mambo yanapokuwa makubwa, meza ya kuamulia huwa mbali, na anayekaa mezani huona barabara tu, haoni nani anapita na nani hapiti. Kumwonyesha ni kazi ya mwenyeji. Tunapenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone, kana kwamba mgeni akishafika kazi imekwisha. Mwenyeji naye ana wajibu wa kusema panapouma. Na wahenga waliosema mficha uchi hazai walijua walichokuwa wanakisema. Mimi niliuficha uchi wa kwetu, lakini aliyezaa maiti ni mtoto wa watu.

Tangu siku ile Daktari alihangaika kuirudisha wodi. Bodi ilikuwa imeshajaa watu wapya, wengi wao wasiowahi kufika kijijini kwetu, na kila alipoeleza habari ya barabara walimtolea ushahidi kwamba wananchi wenyewe wameukubali mpango na kwamba hofu hizo zilishakwisha. Ushahidi huo ulikuwa makala yangu, imekatwa gazetini na kuwekwa kwenye faili. Aliponieleza alicheka, kile kicheko chake cha kukohoa. "Mwenzangu, nimepigwa na kalamu yako," akasema. "Sasa andika nyingine. Andika hayohayo uliyoniambia pale kwenye gari. Nitaipeleka mwenyewe." Nikamwahidi. Kila wiki nilikaa kuandika, na kila wiki nilikuta nimeandika kitu kingine. Niliandika habari za maji ya bwawa la Manchira. Niliandika habari za timu yetu ya mpira. Niliandika, Mungu anisamehe, makala ndefu kuhusu ujasiri. Alikuwa akinipigia simu kila gazeti linapotoka, akisema tu, "Nimesoma, mwenzangu," kisha ananiuliza hali ya nyumbani. Hakunikumbusha hata mara moja. Wiki mbili zilizopita hakupiga, na mimi nikashukuru.

Tulimzika Mugumu, kama alivyotaka mwenyewe, ingawa ndugu zake walikuja kutoka kusini na gari la kumchukua. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Mjane wake alikuwa ametoa vile vibao vya zamani stoo na kuvipanga kando ya ukuta, na wazee wa kila kijiji walikuwa wanapita wakitafuta cha kwao. Nilikiona cha kwetu, rangi imebanduka. Mama mkwe yule alikuwa amesimama mbele yake pamoja na binti, nguo nyeusi zimewafunika, lakini tumbo la binti halikufichika. Walikuwa wamekuja kwa njia ya kuzunguka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nilitegemea anitukane, nami ningepokea. Aliniuliza tu: "Huyu atajifungua maharage yakikomaa. Wodi itakuwa imefunguliwa?" Aliyekuwa akilitafuta jibu hilo alikuwa ndani ya jeneza, hatua chache kutoka tuliposimama.

Bodi inakutana mwisho wa mwezi huu. Najua wajumbe wanaisoma safu hii, kwa kuwa wameitunza vizuri kuliko inavyostahili. Basi naomba kipande hiki nacho kikatwe, kiwekwe kwenye faili juu ya kile cha zamani. Barabara ya katikati haipitiki kwa watu wa kwetu ng'ombe wanapoibwa. Haikupitika tangu zamani, haipitiki leo, na mama mwenye uchungu hawezi kusubiri koo zipatane. Niliyeandika kwamba zama hizo zimepita nilikuwa nasema uongo, na nilijua ni uongo wakati naandika. Nendeni na fikra zenu za maendeleo, lakini iacheni wodi yenye vitanda sita pale ilipokuwa.

Na wewe, ambaye asubuhi hii hutapiga simu kuniambia umesoma: uliniuliza kama kuna kitu hukukiona. Kilikuwepo, Daktari. Nilikuwa nakitazama.