Bibi Alipoonja Maji ya Matumbawe

Mwanangu, weka simu chini kwanza. Nakumbuka siku moja mwaka jana, nilipokuwa bado kijana, yaani kidato cha pili. Sasa niko cha tatu na mgongo unauma. Umeniomba kipande cha tumbawe ukafuge kwenu. Sikupi mpaka unisikilize, maana ninyi wa kidato cha kwanza mnachosha.

Baba yangu mdogo ni dereva wa lori. Alinunua Dar es Salaam tangi la kioo na matumbawe matatu ya aina ya uyoga, akayaweka sebuleni kwetu hapa Tunduma, mji ambao bahari yake ni foleni ya malori. Yanafanana kweli na uyoga uliokunjua mwavuli, mekundu yenye madoa, lakini ni wanyama, si mboga. Nimemweleza mama mara nne. Bado anauliza yanaiva lini.

Safari ya Kongo ilipofika, baba mdogo alinikabidhi. "Hayataki taa kali, hayataki maji ya kasi. Maji yakipungua, ongeza. Yakifa yote, tangi naliuza."

Nikasema sawa, baba. Kuitikia ni kwepesi, mwanangu. Kusikia ndiko kuzito.

Maji yalipungua kila siku. Nami, fundi, nikawa nakoroga ile chumvi maalumu ya bahari kwenye ndoo na kujazia. Si ni maji ya bahari? Kipimo cha chumvi kilikuwa kwenye droo, ndani ya nailoni yake, hakijasumbuliwa na mtu. Wiki ya tatu matumbawe yakanywea. Nikadhani ni njaa, nikayalisha. Nikadhani ni giza, nikayasogeza. Moja likayeyuka kama kamasi, nikaongeza maji ya chumvi tena, kwa huruma.

Ndipo bibi akaja kutoka Momba. Bahari hajaiona hata siku moja, ila usichana wake aliumalizia kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi kule Ivuna na mama yake. Kabla sijamzuia alichovya kidole kwenye tangi, akalamba, akatemea kwenye leso.

"Mume wangu, unapika chumvi?"

"Hapana bibi, nafuga."

"Unapika. Maji yakipungua unatia nini?"

"Maji ya chumvi."

"Na yale yaliyopanda hewani, yaliondoka na chumvi yake?"

Nikageuka kuitazama ndoo.

"Kwenye chungu chetu maji yalikuwa yanakwenda zake, chumvi inabaki. Sisi hiyo ndiyo tuliyoitaka. Wewe unataka nini? Mimi nimeolewa na kichwa cha namna gani hiki?"

Nikatoa kipimo. Mshale ulivuka alama ukaenda kugota juu. Nikampigia baba mdogo. Akasema, "Toa kikombe, rudisha kikombe cha maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi. Asubuhi na jioni. Ukirekebisha kwa siku moja utayamalizia."

Kikombe, mwanangu. Nimeharibu kwa ndoo, natengeneza kwa kikombe, na bibi kakaa kwenye kochi ananihesabia. Siku ya tisa moja likakunjua ukingo. La pili lilijifikiria sana, likafuata. Baba mdogo aliporudi alitazama mawili, akanitazama mimi, la tatu hakuliulizia. Tangi hakuliuza.

Basi shika hili, na usinitumie ujumbe usiku kuniuliza tena: kabla ya kujazia, jua kilichopungua ni kipi. Yamekwenda maji matupu, rudisha maji matupu. Kiumbe kikinywea mkononi mwako, usikizidishie huruma, pima kwanza. Na kuuliza si ujinga: muulize hata yule usiyedhani anajua, kwani wa mbali na bahari ndiye aliyeniambia habari za chumvi.

Nenda. Mungu akutangulizie sikio mbele ya mkono, umeme usikukatikie, na huyo mnyama wako azae mpaka mama yako akose pa kuweka sufuria.