Nilikata isale la mpakani kwenda kumwombea baba msamaha, mama mkubwa akanifundisha adabu

Habari za leo wakuu.

Mimi ni mmoja wa wale wasomaji wa kimya humu, miaka nenda rudi nachungulia nyuzi za watu, nacheka, napita. Leo nami nina la kwangu.

Ni la kweli, limetokea nyumbani kwetu Marangu Desemba iliyopita, na wahusika nimewaomba ruhusa. Mama mkubwa alisema niandike ila nisitie chumvi. Kwa hiyo mkikuta mahali pamepinda kidogo, jueni ni kumbukumbu.

Wale wa "bila picha hatuamini", poleni, picha sina.

Kwanza mjue kwetu kulivyo.

Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kina nyumba mbili. Ya chini ni ya baba, kwa sababu yeye ni kitinda mimba, na kwetu wa mwisho ndiye anayebaki na mji wa wazazi. Ya juu ni ya mama mkubwa, mjane wa kaka yake baba.

Katikati pana mstari wa masale. Kwa wasioyajua, ni yale majani marefu ya kijani tunayopanda mipakani na makaburini. Na mtu akikukosea sana, anakuletea isale limefungwa fundo kuomba msamaha. Ukishaletewa huna ujanja. Hata kama alikuunguzia nyumba, utanung'unika wiki nzima lakini utasamehe.

Kutoka mlango wa baba hadi mlango wa mama mkubwa ni hatua kama sitini. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona baba akizipiga.

Na si kwamba wanagombana. Ndizi zikikomaa, mama mkubwa anatuma mkungu. Baba naye anatuma samadi ya ng'ombe. Kila kitu kinavuka mpaka isipokuwa maneno.

Tulichoambiwa watoto ni kwamba baba mkubwa alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana, ana mwaka mmoja tu wa ndoa. Hakurudi, wala mwili haukurudi. Mama mkubwa akabaki na mimba ya dada Manka, ambaye sasa ni mwalimu kule Mkuu, Rombo. Basi. Ukiuliza kwa nini baba na mama mkubwa hawasemeshani, unaambiwa "walikosana kipindi cha vita". Ukiendelea kuuliza, unatumwa maji.

Sasa nimseme kidogo huyu mama, maana yeye ndiye sababu ya uzi huu.

Waliotaka kumwoa baada ya msiba walikuwepo, akawakatalia wote. Akamlea Manka, akamtunza bibi mzaa baba kwa mikono yake mpaka bibi anafariki. Anakaribia miaka sabini na bado anakata majani ya ng'ombe mwenyewe. Mikahawa yake imepogolewa vizuri mpaka mabwana shamba wanaleta watu kuja kuangalia. Mimi nauza vifaa vya umeme Kariakoo, nina mdomo, wateja wananijua. Nikisimama mbele ya yule mama narudi chekechea.

Tuendelee.

Mwaka jana baba alipata kiharusi. Mungu alisaidia akapona, ila mkono wa kushoto ukabaki mzito. Siku moja akanipigia simu akaniambia anataka kumjengea kaka yake kaburi pale kihambani, hata kama ndani hamna kitu, ili jina lake liwe mahali.

"Mimi ni mdogo," akasema. "Siwezi kumtangulia kaka yangu kupata kaburi."

Wakuu, baba yangu si mtu wa maneno ya namna hiyo. Nikajua anaogopa kufa kabla hajalimaliza hili.

Alishamtuma Manka akamwombe mama mkubwa ruhusa, maana kumzika mume wa mtu bila mkewe kukubali haiwezekani. Jibu lililorudi ni hili: "Anayetaka kumzika mume wangu aje aniambie mwenyewe. Miguu anayo."

Baba hapo akasikia "hapana". Akaniambia nije nikaongee naye mimi, kwa kuwa nina mdomo.

Nilifika siku mbili kabla ya Krismasi. Asubuhi yake nikaamka na akili nyingi. Nikajiambia, si kuna masale? Kwa nini tuzunguke? Nikachukua kisu cha jikoni, nikaenda pale mpakani, nikachagua isale moja limenona, nikakata, nikafunga fundo kama nilivyowahi kuona wazee wakifanya. Confidence mia kwa mia.

Nikamkuta mama mkubwa anakatakata mgomba wa kumpa ng'ombe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikapiga goti nikamkabidhi jani kwa mikono miwili. Nikasema nimemletea kwa niaba ya baba, yaliyopita yaishe.

Akalipokea. Akaligeuza, akaangalia pale lilipokatwa. Akaniuliza nimelitoa wapi.

Nikaonyesha kwa kidole.

"Umekata mpaka wangu," akasema, "kuja kuniombea msamaha."

Wakuu, pale ndipo nilipokumbuka. Kwetu isale la mpakani haliguswi. Kuna koo hazizikani kwa sababu ya isale lililosogezwa. Mtoto wa miaka saba kule kijijini analijua hilo, mimi Dar imenisahaulisha.

Nikatamani ardhi ipasuke. Yeye wala hakupandisha sauti. Akauliza, "Baba yako amekufa?"

Nikasema hapana, yupo pale chini anakunywa uji.

"Basi mrudishie. Mwambie nimeliona."

Nikadhani nimefukuzwa. Kumbe hapana. Akaniingiza ndani, akanipa bakuli la mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi, akakaa kuhakikisha nalimaliza. Kisha akanipa jembe na kipande cha shina la isale, akanisimamia mpaka nikaziba lile pengo, huku akinielekeza nishindilie udongo vizuri. Nilirudi kwa baba na tope magotini.

Nikaweka lile jani mezani nikamsimulia baba kila kitu. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu kicheko kikageuka, nikaona machozi. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata bibi alipofariki.

Ndipo akanieleza kilichotokea wakati wa vita.

Baba mkubwa alikuwa anaandika barua kutoka vitani. Bibi hakujua kusoma, mama mkubwa naye hakujua. Baba alikuwa mtoto wa darasa la saba, kwa hiyo yeye ndiye aliyezichukua shuleni, zilikopitia, na kuzisoma Jumapili baada ya ibada, jikoni, wale wawili wamekaa kando ya moto. Zilifika mbili. Baada ya hapo kimya.

Bibi akaacha kula. Anaweka sahani, anaitazama, anampa mbwa. Baba akaona mama yake anaisha. Akachana karatasi kwenye daftari, akaiandika barua ya tatu yeye mwenyewe, akaisoma Jumapili kwa sauti ya kaka yake. Bibi siku hiyo akala. Baba akaandika nyingine, na nyingine.

Kisha wakaja watu wa serikali ya kijiji na taarifa ya kifo. Baba alizisikia habari njiani akitoka shule. Hakufika nyumbani. Alishuka kwa miguu mpaka Kiboriloni kwa shangazi yake aliyekuwa akiuza ndizi sokoni, akajificha huko matanga yote. Alirudi baada ya miezi mitatu. Mama mkubwa akamkuta pale kwenye masale akamwambia neno moja tu: "Usinisomee tena kitu chochote."

"Nilimfanya mke wa kaka yangu apokee barua za marehemu," baba akaniambia. "Isale gani litaosha hilo?"

Nikamjibu kwamba isale ni lile lile moja, hakuna la aina nyingine. Krismasi ikapita, tukala, tukaimba kanisani, yeye upande wake na mama mkubwa upande wake kama kawaida.

Tarehe ishirini na sita asubuhi nikamwona anatoka kwenda kwa jirani. Akarudi na isale. Safari hii la kuombwa, wakuu, si la wizi.

Fundo likamshinda kwa sababu ya ule mkono. Nikataka kumsaidia, akanikataza. Akashika ncha moja kwa meno, akavuta nyingine kwa mkono wa kulia, akalifunga. Kisha akaanza kupanda. Mimi nyuma yake, naogopa asianguke na naogopa atakachokutana nacho.

Mama mkubwa alikuwa mlangoni anachagua maharage kwenye ungo. Akamwona tangu mbali, hakuinuka. Baba alipofika akajaribu kupiga goti.

"Usipige goti," mama mkubwa akasema. "Utashindwa kuinuka na hapa hakuna wa kukubeba."

Baba akamkabidhi lile jani amesimama. Akasema zile barua aliziandika yeye.

"Nilijua."

Baba akauliza tangu lini.

"Tangu ile ya kwanza yako. Uliandika nisifue mfongoni, maji yana baridi, mtoto tumboni ataumia. Mume wangu aliondoka hata mimi sijajua kama nina mimba. Na sikukutuma umwandikie, nilitaka akirudi aione mwenyewe."

Mfongo ni mfereji wetu unaoteremsha maji kutoka mlimani, ukitia mkono unakufa ganzi. Kumbe baba alikuwa anamwona shemeji yake anavyohangaika na tumbo pale mferejini, akaona amkataze kwa njia ya kaka.

Baba akauliza kwa nini alinyamaza.

"Mama alikuwa anakula siku ya barua. Na mimi nilikuwa nakula."

Halafu akaweka ungo chini. Yaliyofuata aliyasema polepole, na mimi nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Sikukukasirikia kuandika. Nilikukasirikia kukimbia. Wale watu walipokuja, mimi ndiye niliyemwambia mama yako kwamba mwanawe hayupo. Peke yangu, na tumbo langu. Akaniuliza, na barua ya Jumapili iliyopita je? Nikamwambia iliandikwa zamani, ilichelewa njiani. Nikaubeba uongo wako mpaka siku namfunga sanda. Nilikuwa nakungoja uje tulie wote. Ulikaa miezi mitatu. Halafu ukakaa miaka yote hii, hatua sitini."

Baba alilia kama yule mtoto wa darasa la saba ambaye angelia siku ile. Mama mkubwa akamshika ule mkono mbovu, naye akalia. Mimi nilishaanza zamani.

Walipotulia, baba akauliza kwa sauti ndogo zile barua ziko wapi.

"Mama aliniomba nimwekee kifuani. Nilimzika nazo zote, za kaka yako na zako. Hakuwahi kujua tofauti."

Kisha mama mkubwa akasema mumewe atajengewa pembeni ya bibi, kwa sababu maneno yake yako pale. Na kwamba maandishi ya kwenye jiwe atayatunga baba. "Wewe ndiye wa barua," akamwambia. "Andika ya mwisho."

Jiwe tuliliweka Pasaka. Dada Manka alikuja na watoto wake. Baba alikuwa hajamwonyesha mtu yeyote alichomwandikia fundi. Kitambaa kilipoondolewa tukasoma jina la baba mkubwa, na chini yake: "Usifue mfongoni, maji yana baridi."

Watu wakaangaliana. Mwinjilisti wetu, mtu mpole sana, akasogea akauliza taratibu hilo ni andiko la kitabu gani.

Mama mkubwa akamjibu, "Ni barua ya mume wangu."

Nilichojifunza wakuu, na wengine mnaweza kuniongezea: baba yangu alibeba zaidi ya miaka arobaini kosa ambalo hakuna aliyemshtaki, na lile aliloshtakiwa hakulijua, kwa sababu hakwenda kuuliza. Na yule mwanamke ambaye hajui kusoma aliisoma familia nzima akatutunza wote. Namheshimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na nimemwambia hivyo. Akanijibu niache maneno, nikamwagilie isale nililolipanda, linaanza kuchipua.

Kama na wewe kuna mlango wa nyumbani unaouogopa, tuambie hapa chini umekushinda nini. Na waliowahi kuuvuka, waje watupe moyo.

Ukiamua kwenda na isale, kaombe kwa jirani.