Nafasi ya Besi

Mtaa mzima ulimwita Opereta, ingawa ubao wa kuunganishia simu alioutumikia ulikwisha kung'olewa miaka kumi na saba iliyopita. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na minne, hakujaliwa mtoto, na kila alipomsikiliza mtu alifumba macho. Wageni walidhani anasinzia. Kumbe ndivyo alivyofanya kazi miaka yote ile: macho yamefumbwa, vidole vinapapasa tundu na kuchomeka waya, sikio liko kwa mtu wa upande wa pili.

Pale kwenye ubao walikuwa wanawake wanne. Saa ya mapumziko walijifungia stoo wakaimba, kila mmoja na sauti yake: soprano, alto, teno na besi. Ndiyo, besi. Mmoja wao alikuwa na sauti nzito hata wapigaji simu walimwita "kaka", naye akawaitikia bila kupepesa. Jina la Besi likamganda. Kelele za kazini zilipozidi, wanne hao walizungumza kwa kugonga penseli kwenye kinywa cha simu: mara moja, nakusikia; mara mbili, endelea; mara tatu, kata.

Soprano na Teno walikwisha kuzikwa. Besi alihamia kwa mwanawe, mwendo wa siku mbili kwa basi. Opereta akabaki na vyumba viwili na mashine ya kurekodia ya kaseti waliyoinunua kwa kuchanga, yenye vishikio vinne vya kusukuma juu na chini, kila sauti na chake. Alasiri alitundika blanketi mlangoni, akaimba sauti ya marehemu wa kwanza, akarudisha kaseti nyuma, akaimba ya marehemu wa pili, kisha alto yake mwenyewe. Besi hakuithubutu. Nafasi ya nne aliiacha wazi, kama kiti cha mtu aliyetoka kidogo.

Kisha mkanda wa ndani ya mashine ukakatika.

"Mama, mkanda huu siku hizi labda uuote," fundi redio alimwambia, akimrudishia mashine yake imefungwa kwa kamba.

Wiki hiyo hiyo Besi akapiga simu. Ana uvimbe kooni, atapasuliwa Alhamisi. "Daktari ameniahidi uhai," alisema. "Sauti hajaniahidi."

Opereta alifumba macho, akabana simu sikioni mpaka mwenzake akauliza kama laini imekatika.

"Haijakatika. Kabla ya Alhamisi utaniimbia besi yako, niihifadhi. Wimbo ule wa stoo."

"Kwa simu?"

"Sisi tumeishi kwa nini kama si simu?"

Aliyemwokoa ni mpwa wake, mwana wa kaka yake, aliyekuja na tableti chini ya kwapa.

"Shangazi, studio nzima hii hapa. Unaimba, unagusa, basi."

"Nashika wapi?"

"Hushiki. Unagusa."

Opereta alipitisha kidole juu ya kioo. Vishikio vinne vilikuwa vimechorwa vizuri, na rangi zake, lakini kidole hakikukuta ukingo wala kizuizi. Ilikuwa kama kupapasa dirisha.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," alinung'unika.

"Mbacha wenyewe umekufa, Shangazi."

Alicheka, maana ni kweli. Na kioo kilikuwa na mazuri yake: hakikuvuma kama kaseti, na mpwa alimhakikishia kwamba sauti ya Besi hata ikichelewa njiani, ataivuta mbele ikae mahali pake. "Ila kumbuka," alisema akiondoka, "duara jekundu linarekodi. Pembetatu iliyo pembeni yake inacheza tu yaliyokwisha kuingia. Tazama kwanza, ndipo uguse."

Kufikia Jumanne sauti tatu zilikuwa zimeingia. Jumatano alasiri alitundika blanketi, akaweka simu kando ya tableti, akafungua spika.

"Upo?" aliuliza Besi.

"Nipo. Hesabu mpaka nne."

Besi alihesabu. Opereta alifumba macho, kama alivyofanya kila alipofungua laini katika maisha yake, akagusa. Sauti tatu zikatoka. Kutoka mwendo wa siku mbili besi ikaja nyuma ya hizo tatu, imechelewa kidogo, imekwaruza pembeni, lakini pana kama mlango wa ghala. Stoo ikarudi na harufu yake ya karatasi. Ubeti wa mwisho Besi aliumaliza akihema.

"Imeingia?" aliuliza. "Maana nyingine sina, dada. Koo linawaka."

Opereta alifumbua macho. Nafasi ya nne ilikuwa nyeupe tupu. Kidole chake kilikuwa kimegusa pembetatu. Kwenye mashine ya zamani kitufe chekundu kilikuwa na kovu, nacho kiligoma mpaka ukibonyeze kwa vidole viwili. Asingekikosea hata usingizini.

"Imeingia," alisema. "Yote."

"Afadhali," alisema Besi, na sauti yake ilitulia kabisa. "Sasa wanipasue."

Siku kumi na moja simu haikulia. Opereta alifagia vyumba ambavyo havikuchafuka. Ya kumi na mbili alipiga mwana wa Besi.

"Mama mdogo, mama amerudi nyumbani. Hawezi kusema, na wanasema ndivyo itakavyokuwa. Ameniandikia kwenye daftari: anataka kuusikia ule wimbo, na yeye mwenyewe ndani yake. Nimemwekea simu sikioni."

Njia ya mwongo ni fupi. Opereta alisikia upande wa pili pumzi, kisha ukucha ukigonga simu mara moja. Nakusikia.

Maneno ya kukiri yalifika mdomoni yakarudi. Aliiweka tableti mezani, akaikazia macho, akagusa pembetatu kwa makusudi. Sauti tatu zikaanza. Akavuta pumzi, akaishusha sauti yake ya alto mpaka chini asikowahi kufika, na kuiimba besi. Ilitetemeka. Ilipasuka kwenye neno la pili. Hata mtoto angejua kwamba hiyo si sauti ya Besi.

Akasita, sauti tatu zikaendelea bila yeye. Alikaza sikio akingoja mapigo matatu ya kukata.

Upande wa pili ukucha uligonga mara moja.

Kisha ukagonga mara ya pili, ukakoma. Endelea.